Mjomba na ile miaka minne

Mjomba wangu ni fundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu, ana miaka 66 sahii, juzi nimemkuta chini ya jahazi ameshika tezo lakini vidole havikunjiki tena, apiga mara tatu apumzika. Nikamuuliza mjomba si upumzike tu, akanijibu, "Nikipumzika nitakula nini mwanangu?"

Hilo swali silitoi kichwani. Maisha yake yote hajawahi kukatwa NSSF, ile akiba ya uzeeni ya wafanyakazi wa Kenya, kwa sababu hakuwa na mwajiri, na wenye payslip wenyewe kwa miaka mingi walikuwa wakikatwa shilingi 200 kwa mwezi, mwajiri anaongeza 200, mpaka sheria ya 2013 ilipoanza kufanya kazi 2023 ndo ikawa asilimia 6 ya mshahara kila upande. Sawa, lakini wavuvi, mafundi, mama wa mahamri, hao asilimia 6 ya nini?

Kuna Inua Jamii, hela za serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi ukifika miaka 70. Wenzetu Zanzibar nao walianza pensheni ya wazee wote 2016, pia 70, walianzia shilingi 20,000 za Tanzania, na hela inatoka bajeti ya serikali. Hapo nawasifu, mzee hauliziwi alichangia ngapi. Ila kwa kazi ya jua na maji ya chumvi 70 ni mbali sana jamani, mimi ningeshusha iwe 60 kabla hata ya kuongeza pesa.

Mjomba bado ana miaka minne, na jahazi hilo halijaanza hata kutiwa kalafati.