Siku yangu moja: kutoka Deira hadi Kariakoo, kwa mlango mwekundu

Saa 10 alfajiri, Deira, mtaa wa maduka Dubai

Nauza abaya, mitandio na manukato Kariakoo. Mzigo mkubwa unakuja kwa kargo, lakini vile vinavyotakiwa haraka nabeba mwenyewe, na siku ya kuvibeba kwangu ni siku ya kazi kuliko hata siku za kuzunguka madukani.

Kabla ya kuoga nafungua mabegi na kupanga upya. Begi moja ni langu: nguo nilizovaa, viatu, zawadi za watoto. Mawili ni ya duka. Havichanganyiki, maana ukivichanganya hata gauni lako la kulalia litahesabiwa biashara. Invoisi nazipanga kwa mpangilio wa mzigo ulivyo: za begi la kwanza kwenye bahasha ya kwanza, za pili kwenye ya pili, na picha zake zimo kwenye simu.

Halafu mifuko. Maduka ya Deira yanakufungia kila kitu kwenye mfuko wa plastiki wenye mshikio, na Tanzania mifuko hiyo ni marufuku tangu Juni 1, 2019. Ile nailoni iliyofungia nguo tangu kiwandani haina neno, kinachokatazwa ni mfuko wa kubebea. Mifuko yote ya kubebea naiacha hotelini.

Saa 1 asubuhi, uwanja wa ndege wa Dubai

Kwenye foleni ya mizigo hakosekani mtu wa "dada, samahani, una kilo ngapi zimebaki?" Leo ni kaka mmoja mpole, kavaa vizuri, na Kiswahili chake ni cha Dar kabisa. Ana kifurushi cha kilo tatu, eti dawa za mama yake, na kuna mtu atakipokea pale nje.

"Hapana, kaka yangu."

"Dada, ni mama mgonjwa."

"Mungu amponye. Mpelekee kargo, ofisi zimejaa Deira."

Amenuna. Anune tu. Begi lenye jina langu likifunguliwa mbele ya afisa, hakuna atakayeuliza mama ni wa nani. Wapo Waafrika wenzetu wanaotumikia vifungo nchi za watu kwa mzigo walioombwa "nisaidie tu". Katika hili sina huruma na sioni haya.

Saa 4 asubuhi

Ndege imeruka. Nimelala.

Saa 9 kasoro, Dar es Salaam

Saa imerudi nyuma moja. Jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 2019, na anayekumbuka msongamano wa lile jengo la pili hawezi kulalamika sana. Uhamiaji foleni za wenye pasipoti za Tanzania zinatembea. Ya kwangu ni ile ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa Januari 2018. Afisa anaangalia picha, ananiangalia, anauliza nimetoka wapi, anagonga muhuri. Kwaheri.

Foleni ya wageni ndiyo ndefu, na humo yumo baba mmoja tuliyekaa safu moja kwenye ndege. Mzaliwa wa Magomeni, anajua vichochoro vyote, ila sasa ana pasipoti ya Kanada. Kwa kuwa Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima, yuko kwenye viza pamoja na watalii, akisubiri kulipa dola 50 ili amwone mama yake. Mkenya mwenye hali kama yake anaruhusiwa kushika pasipoti mbili tangu katiba ya 2010. Sheria ni sheria, lakini nilipompita alikuwa anamtafsiria Mzungu wa nyuma yake maneno ya afisa, nikacheka peke yangu.

Saa 9 na nusu, mizigo

Mabegi yametoka yote, hakuna kilio. Sasa kuna milango miwili: wa kijani kwa asiye na cha kutamka, yaani cha kuwaeleza maafisa wa forodha, na mwekundu kwa mwenye nacho. Wafanyabiashara wengi wanabahatisha kijani, na mimi kila mara naenda mwekundu. Wenzangu wananiita mshamba. Haya, tuone.

Msamaha wa abiria upo, kwa sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea, unaingiza pombe kali lita moja au divai lita mbili, tumbaku gramu 250, na manukato pamoja na maji yake nusu lita, manukato yenyewe yasizidi robo. Hiyo ni kwa matumizi yako. Abaya arobaini za saizi tatu tofauti si matumizi ya mtu mmoja, na huhitaji kusomea forodha kuliona hilo. Mashine nayo inaliona.

Kijana aliyekuwa mbele yangu alikwenda kijani. Skana ikapita, begi likaitwa. Simu, zote aina moja, bila maboksi.

"Zawadi za wadogo zangu."

"Mnazaliwa wangapi?" afisa akauliza, bila hata kucheka.

Sijui aliishia wapi. Najua kwamba kutamka uongo ni kosa na mali inaweza kutaifishwa, na najua nilimwacha pale.

Kwenye dawati langu nilitoa bahasha kabla sijaombwa. Afisa wa kike, mkimya. Alianza kukadiria mzigo kwa bei ya juu, bei ya zile abaya za harusi zenye mawe. Nikamfungulia moja, nikamwonyesha kitambaa, nikamwonyesha mstari wake kwenye invoisi. Akashika, akageuza, akashusha. Mabishano ya dawati hilo yanataka karatasi. Machozi na "nisaidie dada" vinaongeza foleni tu.

Hesabu yenyewe inawachanganya watu, kwa hiyo chukua mfano wa mzigo wa dola 1,000. Daraja la juu la ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki ni asilimia 35, limeanza Julai 2022, na nguo zimo. Hapo ni dola 350. VAT ya asilimia 18 haipigwi kwenye 1,000, inapigwa kwenye 1,350, nayo ni 243. Jumla 593, kabla ya tozo ndogondogo. Anayepanga bei ya duka akiwa Deira bila hesabu hii anauza hasara huku akitabasamu.

Nikapewa namba ya malipo, nikalipa kwa simu palepale, nikapewa karatasi zangu. Kuna anayelipa pembeni "yaishe". Siku akiulizwa mzigo ulipitia wapi, atoe nini?

Ah, na kama una dola 10,000 taslimu au zaidi, zitamke pia. Mimi narudi na chenji ya dirhamu.

Saa 11 jioni, Barabara ya Nyerere

Foleni. Hata na daraja la Mfugale pale Tazara, foleni ni foleni.

Saa 12 na nusu, dukani

Kabla ya kufungua mabegi, karatasi za forodha zinaingia kwenye faili, pamoja na invoisi zake. Mei 2023 Kariakoo ilifunga maduka kwa sababu ya kamatakamata ya kodi, mpaka Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kusikiliza. Tangu hapo sisi wa mtaani tunajua thamani ya faili.

Msaidizi wangu ameshapiga picha na kuziweka kwenye stetasi. Wa kwanza kufika ni mteja wa Mbagala, kachagua abaya mbili nyeusi.

"Dada, si umetoka nazo mwenyewe Dubai? Punguza elfu kumi."

Nimepunguza elfu tatu.