Keki ya mjomba na DVD tano

Mjomba wangu wa Lushoto hana simu ya kupangusa na wala haitaki. Ana kitochi, ana TV ya chogo ya inchi 21, na ana deki ya Kichina ambayo ikishatoa ulimi lazima uusukume kwa kidole ndipo urudi ndani. Binti yake alipofanyiwa sendofu hapa Tanga, mpiga video alitukabidhi kazi kwenye flashi: faili moja la MP4, saa tatu na dakika kumi, GB 3.9. Vijana wakarushiana kwenye simu, wakaangalia, yakaisha. Wiki ya pili mzee akanipigia. "Mjomba," (na yeye huniita hivyohivyo) "hiyo sendofu na mie nitaiona lini?"

Nikajisemea, kazi yenyewe ndogo hii. DVD tupu ni GB 4.7, faili ni 3.9, chenji inabaki. Laptopu yangu haina pa kuingiza CD, nikaazima raita ya nje kwa jirani mwenye steshenari, nikakopi faili, nikatia bahasha, nikampa konda wa basi la asubuhi. Jioni simu ikaita.

"Imeandika NO DISC."

"Umeiweka upande wa kung'aa chini, mjomba?"

"Mie deki nimeanza kutumia lini?"

Nikanywea. Kosa lilikuwa langu. Kukopi faili kwenye DVD hakuifanyi kuwa DVD ya deki. Deki ikishameza sahani inatafuta folda inayoitwa VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya IFO yanayoielekeza njia na ya VOB yenye picha na sauti. Picha hiyo lazima iwe ya MPEG-2, mtindo ambao DVD zilianza nao Japani mwaka 1996. MP4 zetu za siku hizi nyingi zimebanwa kwa mtindo mwingine, H.264, uliotoka 2003. Deki ya mzee imetengenezwa baada ya hapo, ila chipu yake ni ya bei chee, haikufundishwa lugha hiyo. Hata tundu lake la flashi linaonyesha jina la faili, halafu linanyamaza.

Basi nikashusha DVDStyler, programu ya bure, inayogeuza video yoyote kuwa MPEG-2 na kukutengenezea hadi menyu. Laptopu ikaunguruma usiku kucha kama mashine ya kusaga. Asubuhi nikaijaribu kwenye deki ya nyumbani, ikapiga safi. Konda tena.

"Inacheza," mzee akasema, "lakini mbona mmenipigia ya kikoloni? Mtoto alivaa njano, mie namuona kijivu."

Hiyo ndiyo iliniumiza kichwa kuliko zote. Kwenye programu kuna sehemu ya kuchagua mfumo wa TV, PAL au NTSC, nami nilikuwa nimeipita bila kuiangalia, ikabaki NTSC. PAL ndiyo ya kwetu: mistari 576, picha 25 kwa sekunde. NTSC ni ya Marekani na Japani, mistari 480, picha karibu 30, na rangi zake zimefungwa kwa namna nyingine. TV yangu bapa inakula zote mbili, ndiyo maana sikuona tatizo. Chogo ya mzee inajua PAL tu, kwa hiyo iliokota picha ikaziacha rangi. Ukichomea mtu DVD, usiipime kwenye TV yako nzuri. Tafuta mbovu kama yake.

Ya tatu nikaweka PAL, nikachoma kwa kasi ya 16x kwa sababu konda alikuwa keshapiga honi. Rangi zikaja. Wageni wakaingia, MC akachekesha, mashangazi wakacheza hadi picha ikawa vigae vigae. Ikafika saa ya tatu, bi harusi anawalisha wazazi keki, uma umeshanyanyuliwa, baba mtu kafungua mdomo, deki ikaganda hapohapo. Mzee akazima, akawasha, akaifuta sahani kwa shati. Kila mara uma unaishia hewani.

DVD huandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo mwisho wa sherehe unakaa ukingoni, mahali ambapo sahani rahisi iliyochomwa mbiombio huwa na makosa mengi na lenzi iliyochoka inapotea. Vile vigae navyo vilikuwa na sababu yake: ukigawa GB 4.7 kwa saa tatu na dakika kumi unapata megabiti 3.3 kwa sekunde, na hapo sauti imo. Mtu aliyekaa kwenye kiti, sawa. Mashangazi wakicheza, haitoshi.

Nikaacha ubahili, nikaigawa mara mbili. Dakika 95 kila sahani, megabiti sita na ushei. Nikanunua DVD-R, ile ya alama ya kutoa, maana deki za zamani mara nyingi huielewa kuliko DVD+R, ile ya kujumlisha. Nikachoma kwa 4x, nikaacha programu ihakiki hadi mwisho, nikaandika "1" na "2" kwa maka peni. Stika sibandiki, sahani ikipinda uzito inayumba ikizunguka.

Konda akauliza, "Bosi, hii biashara ya CD bado inalipa?" Nikampa bahasha na soda.

Usiku sikupigiwa. Saa tatu nikapiga mwenyewe. Nyuma yake nikasikia sauti ya MC, vigelegele, na shangazi anapiga kelele watoto wakae chini.

"Shikamoo mjomba, vipi, inakwenda?"

"Marahaba. Hebu kata kwanza, mjomba, naletewa keki."