Mdalasini, magamba ya kamba na mafuta yasiyotaka kukaa na maji

Mafuta ya mdalasini niliyonunua yalinuka karafuu. Mtu aliyekulia Pemba hahitaji maabara kuitambua harufu hiyo, ila mimi nilihangaika mwezi mzima kabla ya kukubali kile pua yangu ilichoniambia siku ya kwanza.

Nilikuwa Nairobi, nikisoma shahada ya uzamili ya kemia. Kazi niliyojipa ilikuwa kutengeneza emulsheni, yaani vitone vidogo vya mafuta vilivyotawanyika ndani ya maji, lakini iwe ya kusikia amri: nikitaka itulie itulie, nikitaka iachane iachane. Tui la nazi nalo ni emulsheni, ila halina adabu hiyo. Liache usiku kucha, asubuhi limejigawa lenyewe, zito juu na maji chini.

Nilichokitegemea ni kifungo kinachofungika na kufunguka. Aldehaidi, yaani kemikali yenye kikundi cha kaboni, oksijeni na haidrojeni, ikikutana na amini, kemikali yenye naitrojeni, huungana, na molekuli moja ya maji hutoka. Kinachozaliwa huitwa imini, au besi ya Schiff, kwa jina la Hugo Schiff aliyeieleza mwaka 1864. Ukiongeza asidi, amini hubeba protoni na kukosa mkono wa kushikia, na maji yaliyo pale yanakikata kifungo. Ukiipunguza asidi, kifungo kinarudi. Aldehaidi yangu ilikuwa sinamaldehaidi, ile inayoupa mdalasini harufu yake. Amini niliipata kwenye kitosani, unga unaotokana na magamba ya kamba na kaa.

Utamu wa jozi hii ni mahali inapokutana. Kitosani imo kwenye maji na mafuta haiyataki. Sinamaldehaidi imo kwenye mafuta, na kwenye maji huingia kidogo sana. Pa kukutana ni mpakani tu, kwenye ngozi ya kila kitone. Zikishafungana, kinachopatikana kina upande wa kupenda mafuta na upande wa kupenda maji, kwa hiyo kinaganda palepale na kuvizuia vitone visimezane. Mlinzi hapelekwi langoni, anazaliwa langoni.

Niliyeyusha gramu 1 ya kitosani kwenye mililita 100 za maji yenye asilimia 1 ya asidi ya asetiki, nikaiacha ikikorogwa usiku kucha. Ilikuwa na pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho namba yake hushuka asidi inapozidi, ya karibu 4. Kuipandisha hadi 6 kunataka subira: sodiamu haidroksaidi, besi inayoipunguza asidi, iliyozimuliwa sana, tone moja moja. Ukizidisha ukavuka 6.5 hivi, kitosani inajitenga kwa mabonge meupe kama maziwa yaliyochachuka. Nilimwaga chupa tatu kabla mkono haujawa mwepesi.

Kisha nikaongeza mafuta ya nazi yenye matone ya mdalasini, nikapiga kwa mashine. Ikawa nyeupe, ikapendeza, na kesho yake ikawa imeachana. Nikarudia. Nikailaumu mashine, nikakilaumu kipimo cha pH, nikamlaumu hata aliyeniuzia kitosani.

Siku moja nikampigia shangazi yangu kwa mambo mengine kabisa, nikamwambia kwa utani kwamba Nairobi mdalasini unanuka karafuu. Hakucheka. "Mwanangu, umesahau? Jani la mdalasini likifikichwa hunuka karafuu. Mdalasini wenyewe ni gome."

Lebo iliandikwa mdalasini tu. Mafuta ya majani yake kwa sehemu kubwa ni yujenoli, ileile iliyo kwenye karafuu, na yujenoli haina kikundi cha aldehaidi. Kitosani ilikuwa inangoja mchumba asiyekuja.

Nilipopata mafuta ya gome, nilijua kabla ya kupima, kwa sababu mchanganyiko ulianza kugeuka rangi ya manjano hafifu, dalili ya imini. Kwa pH ya 6 ulikaa wiki nzima. Chupa ya kulinganishia, yenye kitosani bila mdalasini, haikumaliza siku. Nikashusha pH hadi 3, na kufika jioni mafuta yalikuwa juu, yamejitenga. Nikairudisha hadi 6, nikapiga mashine, weupe ukarudi. Nilicheka peke yangu maabara.

Furaha haikudumu. Asubuhi moja ya Julai nilikuta mafuta na maji yameachana kwenye chupa zote na sikuwa nimegusa asidi. Nilishika kichwa, kumbe ni baridi. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na fuwele zake zikitoboa ngozi ya kitone, vitone jirani hushikana, jua likitoka vyote vinakuwa dimbwi moja. Kifungo hakikuhusika. Nikahamia mafuta ya alizeti, na baridi ikaacha kunisumbua.

Mzunguko wa kuachanisha na kurudisha uliniitikia mara nne, ya tano ukawa dhaifu. Kila asidi na besi zinapokutana zinaacha chumvi, na chumvi inarundikana. Sinamaldehaidi nayo hubadilika polepole hewani kuwa asidi ya sinamiki, ambayo haifungi imini. Nikiongeza matone mapya ya mafuta ya gome kwenye raundi ya tano hali hupata nafuu, ila chumvi bado inanishinda. Sasa najaribu kutumia gesi ya kaboni dayoksaidi badala ya asidi, kwa kuwa inaweza kufukuzwa kwa kupuliza hewa. Hiyo haifiki pH ya 3, na ndipo nilipokwama wiki hii.