Minutemen wa San Pedro na besi iliyopewa nafasi yake

Hapa Kigoma neno panki linajulikana zaidi kwa vinyozi kuliko kwa wanamuziki, na kila ninapomwambia mtu kwamba napenda muziki wa panki wa Marekani, yaani roki ya haraka na kali, swali la kwanza huhusu nywele. Bendi ninayotaka kuieleza leo haikuwa na nywele za namna hiyo. Minutemen walikuwa vijana watatu wa tabaka la wafanyakazi, wamevaa nguo za kawaida za kazini, na mpiga gitaa wao, D. Boon, alikuwa mtu mnene aliyerukaruka jukwaani mpaka shati likaloa chepechepe. Mimi ni mpiga besi wa kwaya katika eneo la Mwanga, na besi ndiyo iliyonifikisha kwao.

Walitoka San Pedro, mji wa bandari ulio pembezoni mwa Los Angeles, wenye wavuvi, makuli na mabaharia, ambao watu wa mjini hawana sababu ya kuutembelea wasipokuwa na shughuli bandarini. Anayeishi mahali reli inapoishia na maji yanapoanzia hahitaji maelezo marefu kuhusu mji wa aina hiyo. Mike Watt alihamia huko akiwa mtoto kwa sababu baba yake alikuwa mwanamaji wa jeshi, na alikutana na Boon bustanini, Boon alipomdondokea kutoka juu ya mti katikati ya mchezo wa kitoto wa vita. Mama yake Boon ndiye aliyewahimiza wajifunze muziki, na ndiye aliyeamua kwamba Watt apige besi. Watt amekwisha kusimulia kwamba wakati huo hakujua gitaa la besi ni chombo tofauti, kwa hiyo alitumia gitaa la kawaida lililofungwa nyuzi nne tu, mpaka siku alipoliona gitaa la besi kwa macho yake na kushangaa unene wa nyuzi zake. Kwa kuwa nami nilianza kwa kunyofoa nyuzi mbili kwenye gitaa bovu, habari hiyo iliniingia moyoni kuliko sifa yoyote waliyopewa na wachambuzi.

Bendi yao ya kwanza, The Reactionaries, haikudumu. Januari 1980 wakaunda Minutemen, na mwaka huohuo George Hurley, aliyewahi kupiga nao katika bendi ile ya awali, akarudi kwenye ngoma. Kampuni ya SST, iliyoongozwa na Greg Ginn wa bendi ya Black Flag, ikawatolea santuri ndogo iitwayo Paranoid Time, yenye nyimbo 7 ambazo kwa pamoja hazifiki dakika 7. Mwaka 1981 ikafuata The Punch Line, nyimbo 18 kwa takriban dakika 15. Wengi hudhani jina la bendi linahusu ufupi huo wa dakika moja moja, lakini asili yake ni wanamgambo wa Marekani wa karne ya 18 waliopigana na Waingereza, na Boon alilipenda pia kwa sababu lilikuwa njia ya kulikejeli kundi la siasa kali za kulia lililojiita hivyo katika miaka ya 1960. Ufupi wa nyimbo walijifunza kwa bendi ya Wire ya Uingereza, ambayo iliwaonyesha kwamba wimbo unaweza kukoma pale wazo linapokwisha, bila kurudia kibwagizo kwa ajili ya mazoea tu.

Jambo ninalolithamini zaidi ni namna walivyogawana sauti. Katika bendi zetu za dansi kila chombo kina mahali pake: solo ina njia yake, ridhim ina njia yake, na besi haimezwi na yeyote. Katika roki ya Marekani ya wakati ule gitaa lilikuwa bwana mkubwa, na besi ilijificha nyuma yake. Boon aliondoa sauti nzito kwenye gitaa lake, akabakiza ile nyembamba na kali, ili besi ya Watt na ngoma za Hurley zisikike waziwazi. Kwao huo ulikuwa uamuzi wa kisiasa, kwamba watu watatu wanaoimba dhidi ya ubwana wasiwe na bwana miongoni mwao. Nafasi hiyo ndiyo iliyoruhusu fanki, jazi na makelele ya mwanamuziki Captain Beefheart kuingia kwenye panki, jambo ambalo mashabiki wengi wa muziki huo hawakulipokea kwa urahisi.

Walikuwa pia na neno lao, econo, lenye maana ya kufanya kazi kwa gharama ndogo: kurekodi usiku wakati studio ni rahisi, kubeba vyombo vyao wenyewe, na kufika mbele ya maikrofoni mazoezi yakiwa yamekwisha kukamilika. Mwishoni mwa 1983 walikuwa wamekwisha kurekodi albamu nzima waliposikia kwamba wenzao wa SST, Hüsker Dü, wanaandaa albamu ya santuri mbili. Wakaandika nyimbo nyingine nyingi, wakarudi studio, na Julai 1984 ikatoka Double Nickels on the Dime, yenye nyimbo 45, iliyogharimu takriban dola 1,100. Kila mmoja alijichagulia nyimbo za upande wake, na zilizobaki zikawekwa upande wa nne, ambao waliuita Chaff, yaani pumba. Jina la albamu linahusu mwendo wa maili 55 kwa saa (nickel ni sarafu ya senti tano, na mbili zikikaa pamoja zinasomeka 55), kikomo cha kisheria cha wakati huo, na kwenye jalada Watt anaonekana akiendesha gari kwa mwendo huohuo, akielekea San Pedro.

Tarehe 22 Desemba 1985, siku chache baada ya ziara waliyofungua maonyesho ya bendi ya R.E.M., gari alilopanda Boon liliacha barabara katika jangwa la Arizona. Alikuwa na homa, amelala nyuma bila mkanda, akarushwa nje na kufa papo hapo. Alikuwa na miaka 27. Watt alitaka kuacha muziki kabisa, mpaka shabiki mmoja kutoka Ohio, Ed Crawford, alipomfuata California na kumshawishi, na pamoja na Hurley wakaunda fIREHOSE, iliyoendelea hadi 1994.

Katika albamu ya Double Nickels kuna wimbo mfupi uitwao History Lesson – Part II, ulioandikwa na Watt na kuimbwa na Boon kwa sauti ya upole, unaosimulia urafiki wao wenyewe. Mwezi uliopita, mazoezi ya kwaya yalipokwisha, niliwapigia vijana wawili sehemu yake ya besi. Kijana wa solo, bila kuambiwa, akapunguza sauti ya gitaa lake, akasubiri, kisha akaingia.