Maabara nzima bila flashi
Jamani, nimefurahi mno leo! Kompyuta zote za maabara zimewekewa Debian (mfumo endeshi wa Linux) bila kuchomeka flashi hata moja. Mashine inawaka kwa PXE, yaani inaanza kupitia kadi ya mtandao badala ya diski, seva ya DHCP inaipa anwani ya mtandao na jina la faili la kuanzia, TFTP (njia nyepesi ya kutuma mafaili) inaipelekea kisakinishi, yaani programu ya kuweka Debian. Lugha, saa, nywila, mgawanyo wa diski, majibu yote ya maswali ya kisakinishi yako kwenye faili moja la preseed, yaani yameandikwa mapema. Hapo kwenye diski kuweni makini sana: ukishaandika “partman/confirm boolean true”, diski inafutwa bila kuulizwa tena. Mimi hujaribu kwanza kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta). Kuona skrini zote zinasonga pamoja, zenyewe, raha yake haielezeki. Anayetaka faili langu aseme, nitamtumia.