Jinsi nilivyowapatanisha kangaja watatu

Hapa Kisumu, mgeni akiona tangi langu la maji ya chumvi, lita 900, huuliza nitawakaanga lini nimkaribishe ugali. Ni kangaja watatu, samaki wa baharini, kutoka Pwani. Wa bluu alitangulia, akajimilikisha tangi lote. Nilipomwongeza wa kahawia na yule wa mapezi mapana kama tanga, aliwageuzia mkia, penye mwiba mkali kama wembe, akawachanja. Siku mbili hawakula.

Kosa lilikuwa langu: mkorofi huingizwa mwisho. Nilimtia yule mbabe kwenye kisanduku cha plastiki chenye matundu, humo humo tangini, wakawa wanaonana bila kugusana. Kisha nikapangua mawe yote na kuyapanga upya, asikute mipaka yake ya zamani. Mwani nikaubana sehemu tatu, maana kangaja hula mchana kutwa na njaa huwazidishia ukali.

Baada ya siku kumi nilimwachilia, nikiwa nimeegemeza kioo cha kujitazamia nje ya tangi. Akapigana na sura yake hadi jioni! Sasa hukimbizana kidogo tu wakati wa kula, mikwaruzo hakuna.