Ninavyofundisha utafiti wa sosholojia kijiweni badala ya darasani

Mwanafunzi wa sosholojia anaweza kupata A katika mbinu za utafiti bila kuwahi kumhoji mtu. Mpeleke kwa dereva wa bodaboda, atamuuliza, "Changamoto za kiuchumi zinaathiri vipi ustawi wako?" Ajibiwe, "Maisha magumu," naye aandike hivyo hivyo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya somo hili naifundishia nje, kwenye vijiwe vya Dar es Salaam.

Kikundi kiwe na watu 4. Wakifika 8, wawili wanafanya kazi na waliobaki wanaandikisha majina. Kila kikundi nakipa sehemu moja tu: kijiwe cha bodaboda, safu ya mama lishe au kituo cha daladala. Barua za kuomba kibali zianze mapema, kwa sababu barua ya chuo hushuka ofisi kwa ofisi hadi kwa mtendaji wa mtaa, na kila meza inaweza kula siku kadhaa. Ukishamaliza, bado kuna mwenyekiti wa kijiwe. Huyu hana muhuri, lakini akikataa hakuna atakayekujibu.

Wiki mbili za mwanzo dodoso ni marufuku; ni kukaa, kuangalia na kuandika. Kwenye daftari, ukurasa wa kushoto ni wa kilichoonekana na kusikika, wa kulia ni wa maoni. Mwanafunzi akiandika kushoto kwamba "madereva wana ushirikiano", namrudishia: umeona nini? Akirudi na habari kwamba wa kwanza kwenye foleni alimwachia kichwa, yaani abiria, mwenzake ambaye hakuwa amepata abiria tangu asubuhi, hapo tuna kitu cha kuzungumza. Noti zikamilishwe usiku uleule. Zikilala, maneno ya mhojiwa hupotea na yanabaki ya mwanafunzi.

Swali linaloharibu tafiti nyingi za wanafunzi ni la kipato. Mama lishe ukimuuliza anapata kiasi gani kwa mwezi, atakupa namba ya kukuridhisha, maana hesabu zake si za mwezi. Muulize ya jana: kapika mchele kilo ngapi, mkaa wa shilingi ngapi, maji ndoo ngapi, kauza sahani ngapi na kwa bei gani, nani kala kwa deni, kilichobaki kimeliwa na nani. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndipo ulipo mlo wa jioni wa watoto wake. Kwa bodaboda, jua kwanza pikipiki ni ya nani, kisha kama anapeleka hesabu tu, yaani kiasi cha kila siku kwa tajiri (mwenye pikipiki), au yuko kwenye mkataba. Wa mkataba analipia pikipiki itakayokuwa yake. Wa hesabu anampelekea tajiri, na pikipiki haiwi yake hata siku moja. Ukiwachanganya kwenye jedwali moja, wastani wako hauna maana yoyote.

Kabla ya kazi yenyewe, dodoso lijaribiwe kwa watu 5 walio nje ya sampuli. Swali lililoombwa kurudiwa na wawili kati yao linaandikwa upya. Dodoso la bodaboda lisizidi dakika 20 na maswali muhimu yatangulie, kwa kuwa abiria akitokea mazungumzo yamekwisha. Mama lishe msimfuate kati ya saa sita na saa nane mchana. Nendeni saa tisa akiwa anaosha vyombo, mle na mlipe sahani zenu kama wateja wengine. Ridhaa napendelea ya mdomo, maana karatasi ya kusaini huwatisha wengi. Mwanafunzi anasoma maelezo neno kwa neno, kisha anaweka tarehe na sahihi yake mwenyewe.

Kuhusu dodoso zinazojazwa hosteli, yaani za kutunga bila kumhoji mtu: angalia umri. Watu wengi wasio na hakika ya umri wao husema 30, 35, 40, kwa hiyo data za kweli hurundikana kwenye 0 na 5. Za kutunga mara nyingi hutawanyika vizuri mno. KoboToolbox, programu ya kukusanyia data kwa simu, nayo hurekodi saa ya kuanza na kumaliza, na mahojiano ya dakika nne yanajieleza yenyewe. Ila chanzo mara nyingi ni mwalimu. Ukidai dodoso 40 kwa kila mmoja ndani ya wiki, umeomba uongo. Mimi nadai 8, na nazisoma zote.

Kila wiki nakutana na kikundi kwa nusu saa. Waje na madaftari. Rasimu ya ripoti siitaki mapema, kwa sababu ikishaandikwa wanaanza kutafuta ushahidi wa kuipamba. Kwenye uchambuzi, wawili wanasoma mahojiano yaleyale 3, kila mtu peke yake, wanapanga mada kisha wanalinganisha. Wasipokubaliana siwaamulii, nawarudisha kwenye maneno ya mhojiwa.

Matokeo yanaandikwa ukurasa mmoja wa Kiswahili na kusomwa kijiweni. Hapo wahojiwa husahihisha: hesabu ya Jumapili ni tofauti, kiingilio cha kijiwe kimepanda, yule mliyemwita mwanachama ni deiwaka tu, dereva wa kushikia kwa muda. Masahihisho hayo yanaingia kwenye ripoti, pamoja na maelezo ya nani aliyapinga, ndipo naanza kutoa alama.